Kila Safari ya Zanzibar Inaishia Forodhani

Ukiishi Likoni una muda mwingi wa kutazama video. Foleni ya feri haikuulizi kama umechelewa kazini. Unasimama pale kwenye mteremko, mkoba umeuvaa kifuani kwa sababu unawajua watu wako, simu mkononi, unangoja geti lifunguliwe. Hivi majuzi, kwa wiki nzima, nilikuwa natazama video za aina moja tu: vijana wa Nairobi na wa hapa kwetu Mombasa wanaokwenda Zanzibar kwa barabara. Ziko nyingi. Baada ya tano au sita nikaacha kuzitazama kama burudani, nikaanza kuzipimia muda.

Likoni: sekunde kumi, tena zimeharakishwa, watu wanashuka kwenye feri kama siafu. Ukunda hadi Lunga Lunga: wimbo tu. Mpakani: manung'uniko kuhusu kadi ya manjano. Tanga: dirisha la basi. Dar es Salaam: tiketi ya boti. Halafu ghafla bahari ya samawati, droni iko juu, na dakika nane nzima za Forodhani. Pizza ya Zanzibar, juisi ya miwa, vijana wanaojirusha baharini jua likizama. Mwisho inakuja orodha ya pesa zilizotumika, na kwaheri. Pemba haimo. Makunduchi haimo. Hata Michenzani, ambayo ukitoka Forodhani unafika kwa miguu, haimo.

Sisemi haya kwa kuwacheka. Nimejifunza mengi kwao, hasa bei. Lakini video hizi zinajiita safari ya barabara, na barabara ndiyo kitu cha kwanza kukatwa. Nikajiuliza: hii ni tabia ya simu na watu wasio na subira, ama ni ugonjwa wa zamani? Nikarudi kwenye vitabu. Ugonjwa ni wa zamani, na wenyeji na wageni wote wanao, kila mmoja kwa namna yake.

*

Tuanze na mgeni. Richard Burton, Mwingereza, alifika Unguja mwishoni mwa 1856 akijiandaa kwenda kutafuta maziwa makuu ya bara. Kitabu chake kuhusu Zanzibar kilitoka 1872, juzuu mbili, na kichwa chake kinataja vitu vitatu kwa zamu: mji, kisiwa, pwani. Ukikisoma kichwa hicho ukiwa upande wetu wa maji unaona foleni. Mji uko mbele. Kisiwa kinafuata, kama uani wa mji. Pwani, yaani sisi, tuko mwisho kabisa, karibu na mlango wa kutokea.

Foleni hiyo haijavunjwa hadi leo. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia, na uzuri wake unastahili. Ila mstari wa urithi ukachorwa, na Ng'ambo ikabaki nje ya mstari. Ng'ambo ni ule upande mwingine wa mji wa Unguja, ambao zamani ulitenganishwa na Mji Mkongwe na hori la maji. Kulikuwa na daraja, ndiyo maana pale pakaitwa Darajani. Hori likafukiwa, daraja likatoweka, jina likabaki. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 serikali ya Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ikajenga pale Michenzani yale majumba marefu ya ghorofa. Watu wengi wa mjini wanaishi huko. Wageni wengi wanalala upande wa pili.

Mtu wa Likoni hahitaji kamusi kuelewa neno ng'ambo. Ukiwa Mwembe Tayari, ng'ambo ni sisi. Ukiwa Likoni, "nimevuka ng'ambo" maana yake umekwenda kisiwani. Neno linageuka kulingana na umesimama wapi. Uandishi wa safari kuhusu Zanzibar una tatizo moja: umesimama upande mmoja tu wa maji, na haujawahi kuona haja ya kuvuka.

Wenyeji je? Hapa mambo yanakuwa mazito zaidi, kwa sababu wao barabara wanaijua, lakini mara nyingi wanaitumia kuondokea.

Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa sasa anaitwa Emily Ruete. Ndani yake kuna Mtoni alikozaliwa, kuna Bububu, kuna mashamba. Kuna kisiwa ambacho watu wanasafiri ndani yake na kupanga safari hizo kwa siku nyingi. Lakini kitabu kizima kimeandikwa na mtu aliyeondoka 1866, na kila mahali ndani yake panaonekana kama kituo ambacho gari limeshakipita.

Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, ana By the Sea ya 2001, ambapo mzee Saleh Omar anatua Gatwick na pasi yenye jina si lake na kijaluba cha udi. Mzee anakumbuka mji wake kwa umakini wa kutisha, duka kwa duka, deni kwa deni. Ni mji, na ni mji wa mtu aliyetoka. Barabara ndefu ya Gurnah iko kwenye Paradise ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ametuletea kwa Kiswahili kama Peponi. Pale kijana Yusuf anafuata msafara wa tajiri Aziz, na safari ni safari kweli: mbu, hongo, maradhi, wenyeji wenye hasira. Lakini msafara ule uko bara. Gurnah akitaka barabara ndefu, huvuka bahari kwanza.

Adam Shafi naye, alipoandika safari yake ya ujanani kupitia Afrika Mashariki na Sudan kuelekea ng'ambo ya mbali, alikiita kitabu Mbali na Nyumbani. Kichwa kinajieleza.

Kwa hiyo tuna mgeni anayeingia kwa bandari na kukwama bandarini, na mwenyeji anayetoka kwa bandari hiyo hiyo. Katikati kuna nchi nzima, na nchi hiyo ina barabara.

*

Najua mtu ataniambia: kisiwa chenyewe kidogo, unataka waandike barabara gani? Unguja ina urefu wa kilomita kama 85. Pemba ni fupi zaidi. Ukiwa na gari lako unatoka Nungwi asubuhi, mchana uko Makunduchi unakula pweza. Hiyo ni safari ndefu?

Jibu liko kwa huyu huyu Adam Shafi, kwenye Vuta N'kuvute ya 1999, riwaya ambayo Amil Shivji aliigeuza filamu na kuipeleka tamasha la Toronto mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, ameozwa Bwana Raza, mzee mwenye duka. Anamtoroka. Anakwenda wapi? Ng'ambo, kwa Mwajuma. Kwa miguu ni mwendo wa dakika chache. Mwenye video angeukata asionekane kabisa. Lakini Yasmin akishapita pale Darajani hakuna mlango nyuma yake unaomsubiri. Familia imemtupa, jamii imemtupa, na siasa za kudai uhuru zinamngoja mbele akiwa hajui. Ni safari ndefu kuliko ya mtu aliyetoka Nairobi na begi la mgongoni.

Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba wa 1947, aliifanya safari kama hiyo mapema zaidi katika Utengano ya 1980, kitabu ambacho wengi wetu hapa Kenya tulikijua kama kitabu cha mtihani, tukakariri maudhui na mbinu za lugha na tusikione. Maimuna anatoka nyumba ya baba yake, Bwana Maksuudi, ambako hata dirisha lilikuwa halali ya wengine. Akishatoka hawezi kurudi akiwa Maimuna yule yule.

Ukiwaweka hawa wawili pamoja na Salme unaona jambo ambalo vitabu vyenyewe havilitangazi: katika maandishi ya visiwa hivi, wanaosafiri kweli ndani ya kisiwa ni wanawake, safari zao ni fupi kwa kilomita, na bei yake ni kila kitu. Urefu wa safari ni kile unachoacha ili kwenda. Wasee wa video wana orodha ya shilingi mwishoni. Riwaya nazo zina orodha yao, na hiyo haina punguzo.

*

Mwaka jana nilikwenda mwenyewe, na nilikwenda kwa njia ya kijinga, yaani ndefu. Matatu ya Likoni hadi Lunga Lunga, Horohoro, gari la Tanga, kisha boti ya Tanga kwenda Pemba, ambayo haiondoki kila siku, kwa hiyo Tanga nilipata muda wa kuijua zaidi ya dirisha la basi. Katiba ya Zanzibar, tangu mabadiliko ya 2010, inasema Zanzibar ni nchi, moja kati ya mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Unaweza kubishana na hilo ukiwa barazani. Ukishuka Mkoani na kuulizwa tena umetoka wapi na unakwenda kwa nani, unaacha kubishana.

Mkoani imekaa kwenye mteremko kama Likoni, bandari chini, mji juu, nikajihisi nyumbani kwa dakika mbili. Kutoka pale barabara inapanda na kushuka hadi Chake Chake, na kutoka Chake inaendelea Wete, halafu Konde, ambako msitu wa Ngezi unakaribia. Ramani ya Zanzibar niliyoielewa haraka ni ile iliyoandikwa kwenye vioo vya daladala. Unguja, 502 ni Bububu, 116 ni Nungwi, 310 ni Makunduchi. Pemba, 606 ni Wete. Watu hawasemi jina, wanasema namba, na mgeni anayejua namba anapewa nafasi ya kukaa.

Pemba ina vilima. Hilo peke yake lingetosha kuvunja video zote, kwa sababu tumezoea kisiwa kilicholala. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa barabara, na harufu inaingia dirishani kabla hujaziona. Nilipoisikia nikakumbuka hadithi za wazee wa kwetu kuhusu karafuu za magendo zilizokuwa zikivuka usiku kwa ngalawa na mashua hadi pwani ya Kenya, kwa sababu Zanzibar mnunuzi alikuwa serikali peke yake na bei ilikuwa ya serikali. Harufu ile ile, upande wa pili wa maji. Na Wete nikayakuta yale majumba ya Michenzani, ndugu zake wadogo, yamesimama kati ya minazi kana kwamba yalishuka kwenye basi lisilo lao.

Kwenye daladala ya Wete nilikaa karibu na bi mkubwa mwenye kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Mombasa, bibi. Likoni."

"Likoni ya feri?"

"Hiyo hiyo."

Akanyamaza kidogo. "Na Shimoni wapajua?"

Nikamwambia napajua, ni njia ya Lunga Lunga.

"Nna ndugu zangu kule. Walikwenda mwaka ule."

Nikauliza mwaka upi. Kondakta, ambaye tangu Chake alikuwa hanyamazi, akageuka akatazama nje. Bi mkubwa akarekebisha kikapu chake, akaniambia kwamba mvua mwaka huu imechelewa.

Mwaka ule ni 2001. Tarehe 26 na 27 Januari, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000 uliogombaniwa, watu waliandamana Pemba na Unguja, na vyombo vya dola vikafyatua risasi. Human Rights Watch walihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa. Watu kama 2,000 walivuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, kusini mwa Likoni, wakawa wakimbizi katika nchi ambayo kabla ya hapo wavuvi wa Pemba walikuwa wakija na kurudi kama mtu anayekwenda kwa jirani. Wengine wa kabila lao walikuwa Kwale na Kilifi tangu kabla ya uhuru wa Kenya, wamezaa, wamezika, na hawana kitambulisho. Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kama jamii ya nchi hii mwaka 2023. Kabla ya hapo mtu aliyezaliwa Vanga angeweza kuiona njia ya Horohoro kila siku ya maisha yake na asiweze kuipita kihalali. Safari ambayo mimi niliifanya kwa kujifurahisha.

Hapa ndipo ninapowashutumu wenye video, na kwa nini lawama yangu si ya ladha tu. Tukiitoa Pemba kwenye safari kwa sababu haina Forodhani, tunatoa pia sababu ya jirani yako wa Likoni kuwa jirani yako.

Kutoka Pemba nikapanda boti kwenda Unguja. Nungwi ilipoanza kuonekana, bwana mmoja aliyekaa mbele yangu akainua mikono akasoma dua. Hakuwa peke yake. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander ilizama kwenye maji yale ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Walikufa mamia kwa mamia. Kwenye video, Nungwi ni machweo na mtu ameshika nazi. Sikatai machweo, niliyaona na ni mazuri kweli. Lakini mimi nimekulia mahali ambapo watu wazima bado wanajua walikuwa wapi asubuhi ya 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272. Sisi tunajua chombo ni nini. Ukimpiga picha mtu wa Likoni kwenye boti na kuweka wimbo, umempiga picha asipokuwepo.

*

Basi kuna mtu aliyewahi kuiandika barabara ya kisiwa vizuri? Yupo, na nilimkuta mahali ambapo sikumtafuta: kwenye hadithi za upelelezi.

Muhammed Said Abdulla alishindana na Mzimu wa Watu wa Kale katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, akashinda, na kitabu kikatoka 1960. Mwenye shamba, Bwana Ali, anakutwa ameuawa kwenye mzimu. Anaitwa Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum. Tunazoea kusema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu, na tukishasema hivyo tunaona kazi imekwisha. Lakini mtazame kama msafiri.

Bwana Msa hawezi kubaki mjini, kwa sababu maiti iko shamba. Hawezi kuuliza swali moja na kuondoka, kwa sababu jibu la kwanza ni la uongo. Hawezi kumpuuza mtu yeyote njiani, kwa sababu mtumishi, mjakazi, mkulima, yeyote kati yao anaweza kuwa ameona kitu. Hawezi kukubali kwamba "mzimu umeua" ni maelezo ya mahali pale; lazima ajue nani anafaidika watu wakiamini hivyo. Mgeni akisikia mzimu anaandika "kisiwa cha maajabu" na kupiga picha. Bwana Msa akisikia mzimu anauliza shamba ni la nani na mrithi ni nani.

Hiyo ndiyo tofauti. Mtalii anafika na hamu, mpelelezi anafika na swali. Hamu inaridhika, na ikiridhika inarudi hotelini. Swali linakubebesha hadi kijiji cha pili, na kijiji cha pili kinakupa swali jipya.

Sitaki kumpaka Abdulla asali. Ulimwengu wa vitabu vyake ni wa mabwana. Wanaofanya kazi shambani wanaonekana wakati wa kuhojiwa, kisha wanarudi nyuma ya minazi, na aliyewapa sauti hasa ni Adam Shafi, katika Kuli ya 1979, aliyeandika mgomo wa wachukuzi wa 1948. Pemba nayo, kwa Abdulla, inanukia uchawi: Giningi, mji usioonekana ambao masimulizi yanauweka huko, umo kwenye kichwa cha kitabu chake cha 1968, Kisima cha Giningi. Hata hivyo yeye ndiye aliyegundua umbo ambalo sisi tunalihitaji. Ukiniambia leo nimpe kijana mwenye simu nzuri na likizo ya wiki mbili kitabu kimoja cha kumfundisha kusafiri, sitampa kitabu cha safari. Nitampa Mzimu wa Watu wa Kale, nimwambie: soma jinsi huyu mzee anavyouliza.

Kwa sababu mimi pale kwenye daladala ya Wete nilipewa swali, na lilikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nayo. Mwaka ule ni upi, na kwa nini kondakta ametazama nje? Bwana Msa asingeshuka Wete. Angekaa na bi mkubwa hadi mwisho wa njia, angembebea kikapu, angekunywa chai barazani kwake akizungumzia mvua, na angengoja.

Mimi nilishuka Wete. Nilikuwa na picha za kupiga.

*

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hii habari ni yetu kuliko ilivyo ya Wazanzibari.

Mombasa pia ni kisiwa, na pia ina Burton wake kila wiki. Fort Jesus, Mji wa Kale, meno ya ndovu ya Moi Avenue, kisha mgeni anavuka. Akivuka Nyali anakwenda ufukweni, akivuka Likoni anakwenda Diani, na Changamwe anaipita tu akienda uwanja wa ndege. Kwa uandishi wa safari sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe ni njia. Tunasikika tukitajwa kwenye habari za polisi na habari za feri. Mtu anayeishi njiani anapokwenda safari mwenyewe, ungetarajia awe wa kwanza kuwaona wengine wanaoishi njiani. Nimetazama video za vijana wa hapa hapa, na wao pia wanaharakisha Likoni yao wenyewe.

Na si kwamba upande wetu hauna vitabu. James Mbotela aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka 1934, kuhusu watu waliokamatwa bara, wakasafirishwa, wakakombolewa baharini na kuletwa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa 1875 pale Kisauni. Ni kitabu kinachowashukuru Waingereza kupita kiasi. Ukikisoma leo kuna kurasa utataka kuzirusha. Lakini kama kitabu cha safari kina jambo ambalo video hazina: watu wake wanafika, na baada ya kufika wanakaa. Wanajenga, wanaoa, wanagombana, wanaitwa kwa kengele. Kengele hiyo ipo hadi leo, pale ambapo makanga wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" mara mia kwa siku, na abiria wanashuka na mboga zao, na swali la kengele gani halimo kwenye nauli.

Mimi mwenyewe nilishuka Kengeleni miaka mingi kabla ya kuuliza.

Kwa hiyo sitawaambia wenye video waache. Naomba vitu vitatu tu. Kwanza, msiiharakishe Likoni. Acheni feri ivuke kwa muda wake, watu waonekane nyuso. Pili, nendeni Pemba, na mkifika msikimbilie ufuko, kaeni kwenye gari la Wete hadi mwisho wa njia. Tatu, ile orodha ya mwisho iendelee, nauli, chakula, malazi, lakini ongezeni mstari mmoja: niliulizwa nini na nikashindwa kujibu.

Nianze mimi. Bi mkubwa, kabla sijashuka, alinitajia jina la ndugu yake na kuniambia, "Ukipita Shimoni, waniamkie." Nikamwambia inshallah. Wiki mbili baadaye nilikuwa nikirudi kutoka Lunga Lunga, gari limejaa, usiku unaingia, nimechoka na mkoba umejaa karafuu. Kwenye njia panda ya Shimoni makanga aliuliza kama kuna wa kushuka. Mama mmoja alishuka na mtoto wake. Mimi nilibaki kitini, na salamu bado ninazo.